Balbu Kumi na Saba

Kila asubuhi, kabla ya saa moja, Bibi alisikia kufuli likibana. Mkwe wake alilivuta mara mbili kuona kama limeshika, viatu vyake vikashuka ngazi, kisha kimya. Tangu hapo mpaka saa kumi na moja jioni walibaki wawili ndani, yeye na mjukuu, kama mayai kwenye kikapu kilichofunikwa.

Chumba kilikuwa kimoja, ghorofa ya tatu, kimekatwa katikati kwa pazia. Upande wa mlangoni palikuwa na jiko la gesi, ndoo za maji, na godoro la Bibi ambalo mchana lilisimamishwa ukutani. Upande wa ndani kitanda cha mwanawe na mkewe, kabati la nguo, na nyuma ya kabati dirisha. Ndiyo, nyuma ya kabati. Kuna siku wezi walipanda kwa bomba la nje, wakaingiza fimbo yenye ndoana kwenye nondo wakaivua suruali ya mwanawe kama mtu avuavyo samaki, mkwe akasema dirisha lizibwe, likazibwa. Hewa iliyobaki ilikuwa ya feni, na feni haileti hewa, inaizungusha ileile ya jana. Choo walikuwa nacho chao wenyewe, chembamba kama sanduku lililosimamishwa, chenye kidirisha kidogo juu karibu na dari.

Tusimwonee mkwe. Kufuli lile lilikuwa na sababu yake. Miezi miwili nyuma Bibi alimfunga mtoto mgongoni akavuka barabara kwenda kusali. Sala ikanoga, akasahau saa. Siku hiyohiyo mkwe akaruhusiwa kazini mapema, akakuta nyumba haina mtu. Alizunguka mitaa akiuliza, na alipowaona wanatoka kwenye nyumba ya ibada alikuwa amepoteza kiatu kimoja na sauti yote. Hakumgombeza. Alimwambia tu kwa sauti ya kukwaruza, "Mama, kosa moja tena. Moja tu. Mtoto nampeleka kwa mama yangu." Kesho yake akaja na kufuli.

Kwa huyo mama yake ni safari ya basi ya kutwa nzima. Na Bibi, tangu azike mume mwaka wa nne sasa, hakuwa na kitu duniani cha kumwamshia isipokuwa yule mtoto wa miezi tisa aliyemwita "mume wangu", aliyemtemea uji kifuani na kumvuta masikio wakati wa sala. Akichukuliwa yule, atabaki anaamka kwa ajili ya nini?

Kwa hiyo akalikubali kufuli. Tena akalisitiri. Ukutani upande wa pili alikaa fundi wa nguo ambaye jengo zima lilimwita Mama Cherehani, na vidirisha vya vyoo vyao vilitazamana juu ya shimo moja la hewa. Mama Cherehani alipouliza kupitia huko, "Bibi, mbona siku hizi hatukuoni?" alijibiwa, "Magoti, jirani." Magoti ya Bibi yalikuwa mazima kuliko ya mkwe wake. Kila akisema uongo ule aliomba toba, na kila akiulizwa aliusema tena.

Na ilikuwapo siri nyingine juu ya kabati, nyuma ya begi kubwa la safari. Mwanawe alikuwa fundi wa umeme, na kazi iliyomlisha ilikuwa kufufua balbu: zile za kubana umeme, za mirija iliyojipinda kama utumbo wa kuku. Watu walimletea zilizokufa, akafungua vitako, akachanganya viungo vya hii na ile, moja ikawaka. Kibanda chake kilivuja, hivyo balbu akazileta nyumbani. Mkewe alishamkataza mbele ya Bibi. "Ndani ya nyumba yenye mtoto sitaki hata moja." Akaitikia vizuri sana. Wiki ile ile akapandisha sanduku la kadibodi juu ya kabati, akamkonyezea mama yake. Na mama ni mama, akanyamaza.

*

Ilikuwa siku ya ibada, saa sita imepita kidogo. Mtoto ameketi juu ya blanketi lake sakafuni, anatafuna mwiko. Bibi amesimama, sikio liko kwenye ubavu wa kabati. Nyuma ya mbao zile, nyuma ya kioo, ng'ambo ya barabara, watu walikuwa wanaitikia. Sauti ilimfikia kama ya mtu anayeongea ndani ya mto wa kulalia.

"Upana wa kiganja tu," alimwambia mtoto. "Nipitishe mkono, nifungue kioo, bibi yako naye aitikie. Umeniruhusu, mume wangu?"

Mtoto akapiga mwiko sakafuni. Ruhusa ikawa imetoka.

Akaliwekea kabati bega, akalitaja jina la Mungu, akasukuma. Lilisogea vidole viwili. Kabati lile lilikuwa na mguu mmoja uliokatika, mahali pake pamewekwa tofali, na Bibi aliyefagia chumba kile kila siku alilijua tofali vizuri. Alilisahau kwa sababu moyo wake ulikuwa ng'ambo ya barabara. Tofali likateleza, kabati likainama likaegemea ukuta, begi likaja, na nyuma ya begi likaja sanduku.

Haukuwa mlio wa vyombo. Ulikuwa pu, pu, pu, kama bisi zinapoanza kupasuka chini ya kifuniko. Kikainuka kivumbi cheupe, chembamba kuliko unga. Mtoto alicheka, akapiga makofi.

Mkono uliofagia miaka hamsini hauombi ruhusa kichwani. Kabla hajawaza lolote Bibi alikuwa ameshika ufagio. Akafagia mara moja. Akafagia mara ya pili. Vigae vikalia sakafuni, na kile kivumbi kikainuka tena, feni ikakidaka ikakipeleka mpaka kwenye pazia.

Ufagio wa tatu haukufika chini.

Alikumbuka kibandani kwa mwanawe, siku aliyompelekea chakula. Mteja aliangusha balbu moja, moja tu, na yule mwanawe asiyejua kupaza sauti aliwafukuza watu wote nje kama wana moto nguoni. Mama mtu naye akainama achukue ufagio, akashikwa mkono. "Usifagie, Mama! Humo ndani mna zebaki. Kidogo tu, lakini ukifagia unaitawanya, na mvuke wake huuoni wala haunuki. Hewa kwanza, mikono baadaye." Wakakaa nje wanapiga soga karibu nusu saa, ndipo akaingia na kipande cha kadibodi.

Hewa kwanza. Bibi akatazama chumba. Dirisha lilikuwa nyuma ya kabati ambalo sasa limekaza ukutani kama jino. Mlango ulikuwa na kufuli nje. Hewa ilikuwa ileile ya jana, na sasa ilikuwa na mgeni.

Akauacha ufagio ulale ulipo. Akazima feni. Akamfuata mtoto kwa hatua ndefu zisizokanyaga vigae, akamwinua. Kwenye blanketi, karibu kabisa na pale lilipokuwa goti lake, kiling'aa kipande cheupe kama kucha. Akamfungua mdomo: meno mawili na mate. Akatazama viganja, akatazama katikati ya vidole, akatazama nyayo. Alipoona hana jeraha, akamkumbatia.

Hapo ndipo shetani alipomjia, tena kwa adabu. Bibi, alimwambia, mlango umefungwa. Nani kaona? Mjukuu wako hajui kusema. Mwanao hahesabu balbu zilizokufa. Fagia, tia mfukoni, sukuma chini ya kitanda, jioni mkwe akirudi mtoto ameshalala. Kosa moja, alisema. Na wewe kosa hili utajitangazia mwenyewe?

Bibi alisimama na mtoto kwapani, na Mungu ndiye ajuaye alisimama kwa muda gani. Maneno yale yalikuwa matamu kwa sababu yote yalikuwa kweli. Hakuna ambaye angejua.

Mtoto akapiga chafya.

Ilikuwa chafya moja ndogo, ya mtoto yeyote wa siku yoyote. Lakini Bibi aliisikia kama mtu aliyeitwa jina. Mkwe angeweza kumficha. Pua ya mtoto angeifichaje?

Akachukua kisimu chake. Salio la kuongea hakuwa nalo, ila yeye na mkwe walikuwa na mapatano yao ya kubip. Mara moja: mtoto amekula. Mara mbili: amelala. Mara tatu: kuna jambo, piga. Akabip mara moja. Akabip mara mbili. Kisimu kikatoa mlio wa kuaga, kioo kikawa cheusi. Chaji ilikuwa imekwisha.

Akamvua mtoto nguo zote akaziacha pale juu ya blanketi, akamfunga kwa shuka safi iliyokuwa upande wa jikoni, akaingia naye chooni. Akafunga mlango. Akalowesha taulo akalisokomeza chini ya mlango mpaka mwanga ukapotea.

*

Sasa walikuwa wamefungwa ndani ya kufungwa. Kuta nne, bomba moja, na kile kidirisha juu. Bibi alimwosha mtoto uso na mikono, akajiosha na yeye mpaka viwiko, akageuza ndoo akapanda. Kichwa kilifika kwenye kidirisha. Hewa ya shimo lile ilinuka sabuni na vitunguu vya watu, na kwake ilikuwa tamu.

"Mama Cherehani!"

Ng'ambo cherehani ilikuwa inakwenda mbio.

"Mama Cherehani, we!"

"Nani ananiita chooni jamani? Mimi sijafika huko."

"Mimi jirani yako."

"Bibi wa magoti! Umepandaje huko na magoti yako?"

Bibi akafumba macho. Neno la magoti lilikuwa mdomoni miezi miwili, limemea mizizi. Kuling'oa ni kuivua nguo nyumba ya mwanawe mbele ya jengo zima, mwanamke aliyefungiwa kama kuku na mkwe wake, kisha jioni ndio mkwe huyo apite ngazini macho ya watu yakimpima. Na mkwe aliyeaibishwa hatamwachia mtoto, hilo alilijua kama anavyojua jina lake.

"Magoti mazima," alisema. "Nimefungiwa."

Cherehani ikanyamaza.

"Umefungiwa na nani?"

"Na kufuli."

"Kufuli halina mikono, Bibi."

"Jirani, utanihoji baadaye, na chai nitakupikia. Humu ndani balbu za umeme zimepasuka sanduku zima. Dirisha halifunguki, hewa sina, na mtoto ninaye. Nitafutie mtu akate."

Alisikia kiti kikianguka, na sauti ya Mama Cherehani ikishuka ngazi mbele ya miguu yake. "Cheche! Cheche wewe! Chukua msumeno wa chuma! Nauliza hujasikia? Msumeno, siyo kofia!"

Cheche alikuwa mchomeleaji wa mageti, kazi yake ikiwa chini ya jengo hilohilo. Kufuli lilimchukua muda, na muda huo kwa Bibi aliyesimama juu ya ndoo na mtoto wa kilo tisa begani ulikuwa mrefu kuliko ujane. Msumeno ulilia kriii, kriii. Mtoto akaanza kulia kwa kuufuatisha. Bibi akamwimbia wimbo wa ibada kwa sauti ya chini, akachanganya beti, akaanza upya.

"Bibi!" Cheche aliita kutoka mlangoni. "Tayari! Niingie?"

"Usiingie na mabuti yako! Fungua wazi, kisha rudi nyuma, na watu wote wakae mbali!"

Alifunika uso wa mtoto kwa shuka, akatoka chooni, akapita upande wa jiko, akavuka kizingiti. Kwenye varanda palikuwa na watu sita au saba, wengine wana vijiko mkononi. Wote walikuwa wanatazama kufuli lililokatwa, lililoning'inia upande wa nje wa mlango. Cheche, ambaye hunyamaza kwa nadra, alilitoa akalitia mfukoni kama mtu anayeokota kitu cha aibu njiani.

"Bibi," alisema, "kitu hiki kilikuwa cha kuzuia wezi, siyo?"

"Wezi," akajibu Bibi.

"Nilijua."

*

Mama Cherehani alitaka kuingia na ndoo na dekio papo hapo. Bibi akakataa, akawakalisha. Aliwaambia nusu saa mlango ukae wazi, hewa ipite, asiingie mtu. Wengine walicheka. Mmoja akasema balbu ni kioo tu, kwao huzitupa jalalani kila siku.

"Na jalalani hamna watu wanaookota?" Bibi alimuuliza.

Nusu saa ilipotimia alimwacha mtoto mikononi mwa Mama Cherehani na kuingia peke yake. Alijifunga mifuko ya nailoni mikononi, akamwita Cheche aje kwa kufuata ukuta tu, ainue kona ya kabati na kufungua dirisha, kisha atoke. Likafunguka. Sala ilikuwa imeshakwisha zamani, ng'ambo walikuwa wanafagia. Bibi alipiga magoti mwenyewe. Vipande vikubwa aliviokota kwa kadibodi mbili ngumu ambazo Mama Cherehani hukatia mifano ya makola ya mashati, hii inasukuma, ile inapokea. Vile vidogo na ule unga alivinasa kwa utepe wa gundi wa mwanawe, akibandika na kubandua, kiraka kwa kiraka, kama anayetoa manyoya kwenye koti. Mwisho akapangusa sakafu kwa vitambaa vilivyoloweshwa, na vitambaa vyenyewe akavitia humohumo. Kila kitu kiliingia kwenye chupa mbili za mdomo mpana zenye vifuniko. Ufagio, blanketi na nguo za mtoto, mfuko ndani ya mfuko, akafunga kwa kamba, akaviweka kwenye varanda mbali na watu.

Vitako vya plastiki havikuvunjika, hivyo alivihesabu. Vilikuwa kumi na saba.

Mwanawe alifika saa tisa, ameitwa kwa simu ya Mama Cherehani, jasho limemlowesha mgongo. Alimtazama mtoto, akatazama chupa, akamvuta mama yake pembeni kwenye kona ya ngazi.

"Mama, mzima?"

"Mzima, namshukuru Mungu. Amepiga chafya moja."

"Sikiliza basi Mama." Alikuwa ananong'ona huku akitazama chini ngazini. "Akija, tumwambie ni ile balbu ya dari. Imelegea, imedondoka. Moja. Si kosa lako, si kosa langu, ni la balbu. Hizi chupa naziondoa sasa hivi."

"Na mlango?"

"Uliogopa. Bibi kizee ameogopa, ameita watu. Nani atakulaumu? Ukisema sanduku, mimi sina ndoa, na wewe huna mjukuu. Unamjua."

Bibi alimjua. Alimtazama mwanawe, mtu mzima mwenye mvi mbili ndevuni, anayemwomba mama yake kwa uso uleule aliokuwa nao akiwa na miaka saba, amevunja mtungi. Siku ile ya mtungi alimfichia kwa baba yake. Alimfichia mengi. Na leo kumficha yeye ilikuwa ndiyo njia ya kubaki na mtoto. Mlango mmoja ulikuwa umefunguliwa, na huyu hapa anamfungulia wa pili, mpana na laini, na Bibi aliona kabisa kwamba akiupita huo hatatoka tena.

"Nenda ukalete koti la mtoto kwa Mama Cherehani," alisema. "Atatuazima."

"Mama, umenisikia?"

"Nimekusikia."

*

Mkwe alirudi saa kumi na moja kama kawaida yake. Alipofika kwenye kona ya ngazi akaona watu, akaona mlango wazi, mkono wake ukaenda kifuani.

"Mtoto yuko wapi?"

"Huyu hapa," Bibi akamwinua. Mkwe alimnyakua, akamnusa, akamgeuza huku na huku. Kisha akaona pete za mlango zimebaki bila kufuli, akaona nyuso za majirani, na uso wake ukafunga.

"Umebip mara mbili," alisema. "Nimetoa simu kwenye kabati la kazini wakati wa mapumziko, nimeona mara mbili. Nikajua amelala. Nimecheka hata na wenzangu, nikawaambia mume wa mtu amelala."

"Ya tatu haikutoka. Chaji iliisha."

"Kumetokea nini?"

Mwanawe akakohoa. "Mke wangu, ni jambo dogo, ile balbu ya dari..."

"Balbu kumi na saba," alisema Bibi.

Hakumtazama mwanawe, kwa sababu angemtazama angemwonea huruma. Alisema yote kwa mfuatano kama anayesoma barua: kwamba alitaka kusikia sala, kwamba alisukuma kabati, kwamba juu yake kulikuwa na sanduku na yeye alijua limo. Kwamba alipoona vigae alifagia mara mbili kabla ya kukumbuka, na feni ilikuwa inazunguka. "Hapo ndipo nilipokosa zaidi. Kivumbi kimeruka, na mtoto alikuwamo. Alikaa humo dakika kama tano, sita, kabla sijamtoa. Hajala kipande, nimemkagua. Chafya moja. Nakwambia hivi kwa sababu mganga wa zahanati atakuuliza, na ukimwambia moja atampima wa moja."

Mkwe alimtazama mumewe. Jicho lile halikuwa na kelele, lakini yule fundi alirudi hatua nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Kisha mkwe akamgeukia Bibi, na Bibi akasubiri neno lake. Alilijua. Alikuwa amelisubiri tangu saa sita.

"Twende zahanati," alisema mkwe. "Wewe ndiye unayejua ya kusema."

Waliteremka. Majirani wakawapisha. Mkwe alipita katikati yao ameinamisha kichwa, na Bibi, aliyekuwa nyuma yake, aliona shingo yake imekakamaa kwa aibu, akatamani kuifunika kwa mtandio.

Zahanati ilikuwa chumba kirefu chenye mabenchi. Mganga alikuwa kijana mwenye kalamu sikioni. Aliuliza ngapi, muda gani, feni, alimeza nini, na kila swali mkwe alimtazama Bibi na Bibi akajibu. Alimsikiliza mtoto kifua mbele na nyuma, akamtazama macho na koo, mtoto akamng'ata kidole. Akasema anamwona mzima. Wamwangalie siku hizi, akikohoa au akikataa kula au ngozi ikibadilika wamrudishe mara moja. Chumba kikae wazi siku mbili tatu, mtoto asilale humo, na zile chupa fundi azipeleke kule kwenye duka kubwa wanakopokea balbu chakavu, asizitupe.

Wakarudi kwenye benchi kusubiri kadi. Mkwe akasema bila kugeuza uso, "Kesho nampeleka kwa mama yangu."

Bibi alikuwa amejiandaa, na bado lilimwingia kama maji baridi sikioni.

"Sawa, mwanangu. Basi la saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Mama yako umwambie hanywi uji wa moto. Apulize kwanza, mbele yake, aone. Asipoona akipulizwa anafunga mdomo. Na usingizi wa mchana halali kwenye kitanda, analala mgongoni, ukimshusha mapema anaamka. Na mwiko. Usisahau mwiko, ila uoshwe vizuri, au tafuta mpya."

Mkwe aliendelea kutazama ukuta. Alipokuja kusema, sauti ilikuwa imekwaruza kama siku ile ya kiatu. "Ungeniambia moja, ningeamini."

"Najua."

"Ungebaki naye."

"Najua, mwanangu."

Mtoto alikuwa amemshika Bibi sikio kutoka kwenye paja la mama yake, hamwachii. Mkwe akajaribu kumbandua vidole, kimoja kimoja, akashindwa, akaacha.

"Mama yangu hawezi kumbeba mgongoni," alisema. "Kiuno kinamsumbua." Akamfunga mtoto kifungo cha koti. "Utakwenda naye?"

Bibi hakuitikia upesi. Miezi miwili alikuwa akiambiwa, na leo ameulizwa, na mtu anapoulizwa ana haki ya kufikiri.

"Nitakwenda," alisema. "Na tukirudi nitamlea kama kawaida. Ila kufungiwa, mwanangu, sifungiwi tena. Ukiona huwezi, niambie sasa, nikiwa bado nimeshikwa sikio, nijue."

Mkwe alifungua mdomo. Dirishani wakaita jina la mtoto, kadi imekuwa tayari. Akasimama, akageuka huku na huku na mtoto mkononi kama asiyejua pa kumweka, kisha akamwachia Bibi mapajani, akaenda kupanga foleni.

Mlango wa zahanati ulikuwa wazi, barabara ikionekana, watu wanaingia na kutoka. Mkwe alipobakiza watu wawili mbele yake, aligeuka kuwatazama. Bibi akamwinua mtoto kidogo ili aonekane. Zamu ya mkwe ikafika, akageukia dirisha, akaegemeza viwiko, akaanza kumwambia karani tarehe ya kuzaliwa, na karani alikuwa mzito wa kusikia, hivyo ikamchukua muda.

Hakugeuka tena kuangalia kama bado wapo.